Chuma kwenye magma ya Mirihi: mlinganyo unanipa Fe³⁺ 0.07, kioo kinasema 0.13

Mwambatanuri anauliza:

Wakuu habari za kazi. Naomba macho ya waliozoea tanuri za gesi.

Natengeneza basalti bandia inayokaribia zile za kreta ya Gusev kule Mirihi. Mchanganyiko wa mwanzo kwa asilimia za uzito: SiO₂ 47.0, TiO₂ 0.6, Al₂O₃ 10.7, chuma chote kikihesabiwa kama FeO 19.0, MgO 11.0, CaO 8.5, Na₂O 2.5, K₂O 0.1, P₂O₅ 0.6.

Tanuri ni la wima, bomba la alumina lenye kipenyo cha ndani sm 4. Gesi ni CO na CO₂, jumla ml 200 kwa dakika, na fugasiti ya oksijeni (fO₂, yaani nguvu ya oksijeni kikemia) nimeiweka kwenye bufa ya QFM, kiwango cha rejea kinachowekwa na kwarzi, fayalaiti na magnetaiti zikiwa pamoja. Donge la mg 50 linaning'inia kwenye kitanzi cha waya wa platinamu wa mm 0.25, kama sm 1 ya waya imezama kwenye myeyuko. Linakaa saa 24 kwa 1300 °C kisha linadondoshwa majini.

Mambo matatu hayajakaa sawa:

1. Mlinganyo wa Kress na Carmichael wa 1991, unaokadiria Fe³⁺ ya myeyuko kutokana na joto, fO₂ na kemia, unanipa sehemu ya Fe³⁺ (chuma kilichooksidika zaidi kuliko Fe²⁺) katika chuma chote kuwa 0.068. Spektroskopia ya Mössbauer, inayotofautisha Fe²⁺ na Fe³⁺ kwa miale ya gama, kwenye kioo (myeyuko uliogandishwa ghafla) inatoa 0.13. Je, tanuri linavuja hewa?

2. Nikishusha hadi 1240 °C napata olivini chache. Olivini ni Fo80 (yaani asilimia 80 ya moli ni forsteraiti, upande wake wa magnesi), na hesabu yangu kwa KD 0.30 (mgawanyo wa chuma na magnesi kati ya olivini na myeyuko) ilitabiri Fo80. Hapo niliridhika. Lakini kioo kinachozizunguka kina FeO 16.3 tu, wakati olivini ni chache mno kuweza kumeza chuma chote hicho kilichopungua.

3. Baada ya Mirihi nataka kwenda kwenye hali za Mwezi na Utaridi. Nitarajie madini gani, na kipi kibadilike kwenye mtambo?

---

LogiYaOksijeni anajibu:

Tanuri lako halivuji. Umesahau kuzidisha kwa mbili.

Mlinganyo ule unatoa ln(XFe₂O₃/XFeO), na X ni sehemu za moli za oksidi. Moli moja ya Fe₂O₃ ina atomu mbili za chuma, kwa hiyo Fe³⁺/Fe²⁺ = 2 × XFe₂O₃/XFeO. Nimeupitia mchanganyiko wako hatua kwa hatua ili uone kosa lilipo.

Badilisha asilimia za uzito kuwa moli, kisha sehemu za moli. Zinazohitajika ni Al₂O₃ 0.0644, FeO yote 0.162, CaO 0.0930, Na₂O 0.0247, K₂O 0.0007. Vizidisho vyake ni −2.243, −1.828, 3.201, 5.854 na 6.215 kwa mpangilio huohuo. Ukijumlisha unapata 0.006. Kwa mchanganyiko wako alumini na chuma vinavuta chini karibu sawasawa na kalsiamu na sodiamu zinavyovuta juu, kwa hiyo athari ya kemia inakaribia sufuri. Hiyo ni sadfa ya mchanganyiko huu tu, usiibebe kwenye mwingine.

Kwa 1300 °C, yaani 1573 K, QFM iko kwenye log fO₂ = −7.22, ambayo kwa logi asilia ni −16.62. Basi:

0.196 × (−16.62) = −3.258
11492 / 1573 = 7.306
kigezo kisichobadilika = −6.675
kemia = 0.006
neno la joto = 0.007

Jumla ni −2.61. Ukiitoa kwenye logi unapata 0.073. Wewe umechukua 0.073/1.073, ndiyo 0.068 yako. Sahihi ni 2 × 0.073 = 0.146 kwa Fe³⁺/Fe²⁺, na 0.146/1.146 = 0.128 kwa chuma chote. Mössbauer yako imesema 0.13. Vipimo vyako ni vizuri.

Kosa la pili linalojificha mahali hapo ni kuingiza logi ya 10 badala ya logi asilia. Ukiona Fe³⁺/Fe²⁺ inatoka karibu na 0.9 kwenye QFM, angalia hapo kwanza.

Angalia pia namba 0.196. Kama Fe²⁺ na Fe³⁺ zingekuwa kwenye myeyuko bora kabisa, kipeo kingekuwa 0.25, kwa sababu FeO inahitaji robo moli ya O₂ kuwa FeO₁.₅. Kwa 0.196, kila kizio kimoja cha logi cha fO₂ kinabadilisha Fe³⁺/Fe²⁺ mara 1.57 tu. Ndiyo maana kuteremka kutoka QFM hadi bufa ya chuma na wustaiti (IW), ambayo kwa 1300 °C iko −10.77, kunakupeleka kutoka 0.128 hadi 0.029. Ni vizio vitatu na nusu vya logi, na bado Fe³⁺ haijaisha.

Kuhusu kuvuja: usikisie, pima fO₂ kwa kihisi cha zirkonia, kinachotoa umeme kulingana na oksijeni iliyopo. Volteji yake kwa kila kizio cha logi ni mV 0.0496 × T, kwa hiyo kwa 1573 K ni mV 78. Ukitumia hewa kama rejea, toa logi ya 0.21, yaani −0.68. QFM inatakiwa isome karibu mV −510 na IW karibu mV −787. Mkengeuko wa mV 10 ni kizio 0.13, ambacho kwa Fe³⁺ ni kama asilimia 6 ya thamani yenyewe. Ukisoma mV −450 mahali pa −510, hapo kweli tafuta ufa kwenye bomba au pete ya mpira iliyokauka.

Uwiano wa gesi haujirekebishi wenyewe joto likibadilika. Kwa 1300 °C QFM inahitaji CO₂/CO ya karibu 17, yaani CO ml 11 na CO₂ ml 189 katika ml 200 zako. Kwa 1240 °C inataka karibu 19.5. Ukiacha vali zilivyo unaposhusha joto utahama kidogo tu, kizio kama 0.1, lakini rekebisha hata hivyo. Kasi ya gesi yako inatosha: ml 200 za joto la chumba zinavimba karibu mara tano ndani ya tanuri, na kwenye bomba la sm 4 zinapita kwa takriban sm 1.3 kwa sekunde. Ikishuka sana chini ya sm 1 kwa sekunde, gesi nyepesi na nzito huanza kutengana kwa sababu ya tofauti ya joto, na fO₂ kwenye donge haitakuwa ile uliyoichanganya.

---

KitanziChaReniamu anajibu:

Mkuu hapo juu kamaliza la kwanza. Mimi nashika la pili, maana ndilo la hatari zaidi: makosa mawili yamefutana na kukupa jibu linaloonekana safi.

Kosa la kwanza ni KD. Thamani ya 0.30 ya mgawanyo wa chuma na magnesi kati ya olivini na myeyuko ilitoka kwenye basalti za Dunia. Kwa myeyuko yenye chuma kingi ya Mirihi tumia 0.35. Na ni ya Fe²⁺ peke yake, kwa hiyo ondoa Fe³⁺ kwanza. Kwa mchanganyiko wako Mg ni moli 0.273 kwa kila g 100, chuma chote 0.2645, na Fe²⁺ kwenye QFM inabaki 0.231. Mg/Fe²⁺ ni 1.18. Ukigawanya kwa 0.35 unapata 3.38, sawa na Fo77. Kwa 0.30 unapata 3.94, sawa na Fo80. Linganisha na athari ya uoksidishaji wenyewe: ukiwa IW badala ya QFM olivini inatoka Fo75 badala ya Fo77. Yaani KD mbovu inaharibu zaidi kuliko kukosea fO₂ kwa vizio vitatu na nusu. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakibishana na vali za gesi ilhali kosa liko kwenye KD.

Kosa la pili ni waya. Platinamu inameza chuma:

FeO (kwenye myeyuko) → Fe (ndani ya platinamu) + ½O₂

Hesabu uzito. Sm 1 ya waya wa mm 0.25 ina ujazo wa sm³ 0.00049, na kwa msongamano wa 21.45 ni mg 10.5 za platinamu. Donge lako la mg 50 lina mg 7.4 za chuma. FeO ikishuka kutoka 19 hadi karibu 16.5 kwa jumla (kioo pamoja na olivini chache), umepoteza asilimia 13 ya chuma, yaani karibu mg 0.96. Ili waya uifiche yote, aloi ihitaji kuwa na chuma asilimia 8 tu kwa uzito. Inawezekana kabisa. Kata waya, uusage ubavu na upime kwa mikroproubu kutoka ukingo hadi katikati, utaiona.

Sasa rudisha namba hizo kwenye olivini. Fe²⁺ ikiwa pungufu kwa asilimia 13, Mg/Fe²⁺ inapanda hadi 1.36, na kwa KD sahihi ya 0.35 unapata Fo80. Ndiyo Fo80 uliyoipima. Hesabu yako ilipata Fo80 kwa KD mbovu bila upotevu. Tanuri lilipata Fo80 kwa upotevu na KD sahihi. Bila kupima FeO ya kioo usingegundua kamwe.

Dawa ziko kadhaa, na kila moja ina mahali pake.

Ya haraka ni kupunguza kipenyo cha waya. Uzito unafuata mraba wa kipenyo: waya wa mm 0.1 kwa urefu uleule ni mg 1.7 tu, na hata ukibeba chuma asilimia 10 upotevu unashuka hadi kama asilimia 2.5 ya chuma cha donge. Shida ni kwamba waya mwembamba hulegea, na donge zito hudondoka usiku.

Ya uhakika ni kuushibisha waya kwanza. Weka donge la mchanganyiko uleule, joto lilelile na fO₂ ileile kwa saa 48, kisha yeyusha kioo kwa asidi ya HF na utumie waya huohuo kwa jaribio halisi. Waya ulioshibishwa kwenye QFM haufai kwenye IW, kwa sababu kadiri fO₂ inavyoshuka ndivyo platinamu inavyobeba chuma zaidi. HF usiiguse bila glavu zinazofaa, chemba ya mvuke na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi. Si asidi ya kuzoea.

Chini ya QFM, hamia kwenye waya wa reniamu. Inabeba chuma kidogo sana. Juu ya QFM usiitumie, inaoksidika na kuondoka kama mvuke, na utakuta donge sakafuni mwa tanuri.

Jambo moja la kuzingatia ukihamia kwenye kapsuli zilizofungwa kwa shinikizo. Kwenye tanuri la gesi ile ½O₂ inachukuliwa na gesi na fO₂ inabaki palepale. Ndani ya kapsuli ya platinamu iliyofungwa na isiyo na maji haina pa kwenda, inaoksidisha chuma kilichobaki. Kila atomu ya chuma inayoingia kwenye platinamu inazalisha Fe³⁺ mbili. Upotevu kama wako ungepandisha Fe³⁺ kutoka 0.13 hadi karibu 0.45, na ungetangaza magma iliyooksidika sana wakati ni kapsuli tu imefanya kazi hiyo. Kwa basalti kavu za Mirihi weka kapsuli ya grafaiti, ukijua kwamba yenyewe inalazimisha hali ya upunguzaji (oksijeni haba), chini ya QFM.

Na pima sodiamu. Kwenye gesi za upunguzaji Na hutoka kama mvuke, zaidi kwenye madonge madogo. Ukipoteza Na₂O kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa donge, sehemu ya moli inashuka karibu 0.01, na kwa kizidisho cha 5.854 uwiano wa Fe³⁺/Fe²⁺ unashuka kama asilimia 6 bila fO₂ kubadilika.

---

Mwambatanuri:

Asanteni sana wakuu. Nimeusaga waya: ukingo una chuma asilimia 11 na katikati 6, basi hesabu imekubali. Nabadilisha kwenda mm 0.1 ulioshibishwa. Swali la nyongeza kabla ya lile la tatu: kusaga kioo kwa ajili ya Mössbauer kunaweza kupandisha Fe³⁺? Nasaga kikavu kwenye kinu cha agati.

---

LogiYaOksijeni:

Kunaweza. Saga chini ya asetoni au ethanoli, na usisage hadi iwe vumbi laini kabisa. Zaidi ya hapo, kwenye joto la chumba Fe³⁺ hutoa mwangwi wenye nguvu kidogo kuliko Fe²⁺ kwa kila atomu, kwa hiyo eneo chini ya mistari huizidisha Fe³⁺ usiporekebisha au kupima kwenye baridi kali. Marekebisho hayo ndiyo kiini cha ubishi kuhusu basalti za migongo ya bahari za Dunia, kama zina 0.10 au 0.14 na zaidi.

Angalia pia kama kioo ni kioo kweli. Myeyuko yenye FeO 19 haipoi vizuri; huotesha matawi membamba ya olivini na piroksini wakati wa kudondoka, na pengine chembe ndogo mno za magnetaiti. Chembe hizo zikiwa za nanomita hazionyeshi mistari sita ya sumaku kwenye joto la chumba, zinajificha ndani ya mistari miwili ya Fe³⁺. Pima tena kwenye kelvini 4 hivi, zikiwepo zitajitokeza. Donge dogo na maji baridi yaliyo karibu na mdomo wa bomba ndiyo kinga.

---

MadiniYaMbali anajibu:

Nachukua swali la tatu. Usianze na orodha ya madini. Anza na kanuni moja inayokwambia chuma cha metali kitatokea wapi:

log fO₂ ya kushiba metali = IW + 2 log(aFeO / aFe)

Hapa a ni amilifu, yaani kiasi kinachofanya kazi kikemia. Myeyuko wako una aFeO ya karibu 0.24 ukichukua sehemu ya moli 0.16 na kizidisho 1.5. Mara mbili ya logi yake ni −1.24. Kwa hiyo hata ukiuweka kwenye IW kamili, metali haitatokea. Itaanza karibu IW−1.2. Wengi hushangaa hapa kwa sababu jina la bufa linataja chuma. Bufa inazungumzia FeO safi, si FeO iliyochanganyika na silikati.

Geuza kanuni hiyo na unapata Utaridi. Vipimo vya chombo MESSENGER, kilichouzunguka kuanzia 2011 hadi 2015, vinaelekeza kwenye IW−3 hadi IW−7. Chukua IW−5: logi ya aFeO ni −2.5, yaani 0.003. Chuma ndani ya silikati karibu hakipo. Olivini inakuwa forsteraiti tupu, piroksini inakuwa enstataiti, na chuma kidogo kilichopo, chini ya asilimia 2 kwenye uso wote, kinakaa ndani ya metali na salfaidi.

Mirihi iko upande wa pili. Shagotaiti, vimondo vya basalti kutoka huko, zinasambaa kutoka karibu IW hadi karibu QFM, na nakhlaiti, kundi jingine la vimondo vya Mirihi, ziko jirani na QFM. Vazi lake (tabaka la mwamba chini ya ganda) lina FeO kati ya asilimia 14 na 18, wakati la Dunia lina karibu 8. Usichanganye hili na wekundu wa uso. Wekundu ni vumbi lililooksidika baadaye. Magma zenyewe si nyekundu kwa maana hiyo. Roboti Spirit, iliyotua Gusev mwaka 2004 ikiwa na kipimo chake cha Mössbauer, ilikuta kwenye basalti za aina ya Adirondack olivini, piroksini na magnetaiti, mchanganyiko wa kawaida kabisa wa magma isiyooksidika sana.

Ukiwa kwenye tanuri utaona tofauti hivi. Kwenye QFM, ukishusha joto, spineli inaanza ikiwa na kromu nyingi kama kromaiti, kisha baada ya olivini na piroksini kutoka, inageuka taratibu kuwa mchanganyiko wa magnetaiti na ulvospineli. Magnetaiti huchelewa, mara nyingi hadi chini ya 1150 °C. Ikitoka, chuma cha myeyuko kinaanguka na silika inapanda. Kwenye IW magnetaiti haina Fe³⁺ ya kujijenga: titani inaungana na Fe²⁺, unapata ilmenaiti na ulvospineli, na myeyuko unaendelea kujilimbikizia chuma hadi mwisho kabisa. Kwa hiyo fO₂ ndiyo inayoamua kama magma inayopoa itaelekea kwenye chuma kingi au silika nyingi. Hilo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii.

Mwezi na asteroidi Vesta ziko karibu IW−1. Hapo, kwenye basalti zenye titani nyingi kama zile za Apollo 11, utapata ilmenaiti nyingi, punje za chuma cha metali, na armalkolaiti, madini yaliyopewa jina kutokana na Armstrong, Aldrin na Collins. Sehemu ya titani yake ni Ti³⁺. Kwa 1300 °C unahitaji CO ml 183 na CO₂ ml 17, na kihisi kisome mV −865. Huo ndio ukingo wa gesi hizi. Kwa IW−2 CO inafika asilimia 97, inaanza kutema masizi kwenye sehemu baridi za bomba, uwiano unaharibika na kihisi kinaziba. Na CO ya ml 183 kwa dakika ni sumu ya kuua bila harufu: kengele ya CO chumbani, bomba la kutolea nje, na mwali wa kuichoma mwishoni mwa bomba.

Usijisumbue kupima Fe³⁺ kwenye kioo cha Mwezi. Kromu kwenye myeyuko huo ni Cr²⁺ kwa sehemu kubwa, na wakati wa kupoa Cr²⁺ + Fe³⁺ hugeuka Cr³⁺ + Fe²⁺. Kioo kinakuonyesha Fe³⁺ sufuri hata kama kwenye 1300 °C ilikuwepo kidogo. Tumia vanadi: mgawanyo wake kati ya olivini na myeyuko unapanda hali inavyopungua oksijeni, kwa kuwa V³⁺ inakaa vizuri kwenye olivini kuliko V⁴⁺ na V⁵⁺, na haufutwi na kupoa.

Zuhura nitapita haraka. Vyombo vya Kisovieti Venera 13 na 14 vilipima elementi kwa miale ya X mwaka 1982 na kukuta basalti, lakini njia hiyo haisomi valensi ya chuma. Uso una karibu 460 °C na shinikizo la bari 92, karibu na mpaka wa magnetaiti na hematiti, kwa hiyo lolote utakaloliona kutoka juu ni ngozi ya jiwe.

---

KitanziChaReniamu:

Naongeza upande wa vifaa kwa Utaridi, maana gesi za CO hazifiki huko. Changanya silikoni ya metali ndani ya unga wa kuanzia, ukipunguza SiO₂ kwa kiasi kinacholingana, weka FeS kwa ajili ya salfa, na funga kwenye kapsuli ya grafaiti. Silikoni safi na SiO₂ kwa 1300 °C ziko chini ya IW kwa karibu vizio 10, lakini silikoni ikiyeyuka ndani ya chuma inakuwa dhaifu: kila amilifu yake inaposhuka mara kumi, fO₂ inapanda kizio kimoja. Kwa hiyo kiasi cha silikoni kwenye punje za metali baada ya jaribio ndicho kipimo chako cha fO₂. Tumia amilifu, si sehemu ya moli. Chuma huikumbatia silikoni kwa nguvu na amilifu iko chini sana ya kiasi kilichopo. Ukizichanganya, fO₂ yako itaonekana ya chini kuliko ilivyo.

Madini yatakayokuzungusha ni salfaidi. Salfa ikikosa chuma inashika kalsiamu na magnesi, unapata oldhamaiti (CaS) na niningeraiti. Hizi zinaharibika kwa maji. Usizipoze majini na usizing'arishe kwa maji. Tumia mafuta au ethanoli kavu, na uhifadhi vipande kwenye chombo chenye kikausho. Ukikuta mashimo mahali pa salfaidi, ujue ni maji yamepita hapo.

---

MadiniYaMbali:

Kwa kuwa salfa imetajwa, kuna mtego kwa Mirihi pia. Watu wanapima fO₂ ya kimondo kana kwamba ni namba moja ya jiwe zima. Myeyuko wako una moli 0.0338 za Fe³⁺ kwa g 100. Ikitoka salfa asilimia 0.1 kutoka S²⁻ kwenda SO₂, kila atomu inatoa elektroni sita na kula Fe³⁺ sita: moli 0.0031 × 6 = 0.0187. Fe³⁺ inaanguka kutoka 0.128 hadi 0.057, na fO₂ kwa karibu vizio viwili. Upande mwingine, olivini ikitoka bila kuchukua Fe³⁺, asilimia 15 ya Fo75 inapandisha fO₂ karibu nusu kizio. Kwa hiyo spineli ya mwanzo na oksidi za titani za mwisho ndani ya jiwe moja zinaweza kutofautiana kwa vizio vya logi, na zote zikawa sahihi.

Ukienda kwenye programu ya MELTS, inayokokotoa madini yanayotoka magma ikipoa, usiiache kwenye QFM njia nzima. Inaongeza na kutoa oksijeni bila kukuuliza. Kokotoa mgawanyo wa Fe²⁺ na Fe³⁺ kwenye joto la kuanzia (kwako FeO 16.6 na Fe₂O₃ 2.7), uandike kwenye faili, zima bufa, ndipo ushuke digrii tano tano.